AFYA YA MFANYAKAZI NI KAZI YA TAJIRI
Tuliyoyaona Kutoka Kilembe Hadi Bwera

Msafiri atokaye mjini Kasese kwenda Kilembe huufuata mto Nyamwamba kuelekea milimani. Bonde huzidi kuwa jembamba kadiri apandavyo, na kando ya njia huanza kuziona nyumba zilizojengwa kwa safu, zinazofanana kama askari waliopangwa gwarideni. Nyumba hizo zilijengwa na kampuni ya Kilembe Mines kwa ajili ya wachimbaji wake wa shaba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mgodi ukaanza kutoa shaba mwaka huo huo. Pamoja na nyumba zilijengwa shule za watoto wa wafanyakazi, na ikajengwa hospitali.

Tulipita huko tukiwa safarini kwenda Bwera, na tulisimama kwa makusudi. Mara nyingi askari wetu, wa jeshi na wa polisi, hutuuliza ni nani hasa anayewajibika kwa afya yao. Wengine husema ni Wizara ya Afya, wengine husema kila mtu ajitunze mwenyewe, maadamu mwili ni wake. Katika Kiswahili cha makazini mtu aliyekuajiri huitwa tajiri, na wajibu wa tajiri hauonekani vizuri mahali popote kuliko mdomoni mwa shimo la mgodi.

Mchimbaji huingia ardhini mwenye afya. Humo ndani keekee hutoboa mwamba, na mwamba hutoa vumbi laini lenye silika. Vumbi hilo likivutwa pamoja na pumzi kwa miaka mingi, hufanya makovu katika mapafu, na makovu hayo hayana dawa. Sasa, mchimbaji aweza kunawa, aweza kuacha pombe na sigara, aweza kulala mapema. Lakini hawezi kununua mashine ya kupeleka hewa safi shimoni. Hawezi kuamuru keekee itiririshe maji ili vumbi lisipae. Hawezi kuamua kwamba zamu yake itakuwa ya saa ngapi. Mambo hayo matatu ndiyo yatakayoamua kama atafika uzeeni akipumua vizuri, na yote matatu yamo mikononi mwa mwenye mgodi. Hapo ndipo tunapouona mpaka kati ya wajibu wa mtu na wajibu wa tajiri wake. Zipo hatari ambazo mfanyakazi aweza kujikinga nazo, na zipo ambazo hata awe mwangalifu namna gani, hana la kufanya mpaka mkubwa wake atoe amri.

Tusidanganyane kwamba kampuni za migodi zilijenga hospitali kwa upendo. Mchimbaji mgonjwa hachimbi, na kumfundisha mwingine ni gharama. Shaba ya Kilembe ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya Uganda yaliyouzwa ng'ambo baada ya kahawa na pamba, na hesabu za tajiri zilimwonyesha kwamba zahanati ni rahisi kuliko jeneza. Sisi hatuoni ubaya katika hesabu hizo. Mgonjwa aliyepewa dawa haulizi dawa hiyo ilinunuliwa kwa huruma au kwa faida.

Ubaya ulijitokeza baadaye. Serikali iliuchukua mgodi mwaka 1975, uchimbaji ukadidimia katika miaka ya taabu iliyofuata, na mwaka 1982 kazi ikasimama. Matunzo yaliyokuwa yamefungwa kwenye shaba yalilegea pamoja na shaba. Wachimbaji walibaki na nyumba zisizo na wa kuzikarabati. Hospitali haikufa, kwani Dayosisi Katoliki ya Kasese iliingia kushirikiana katika kuiendesha, na imeendelea kutibu watu wa bonde lote. Lakini mto nao umekuwa adui. Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2014, na Mei 2020 ukaja na mawe makubwa na kuiharibu hospitali yenyewe. Mtu akisimama pale leo na kuyatazama mawe hayo, ataelewa kwamba hata muuguzi anahitaji mtu wa kumfikiria yeye na mahali pake pa kazi.

Kutoka Kasese tulishika njia ya kusini hadi Kikorongo, ambako barabara ya Bwera huiacha ile ya Mbarara. Si mbali na hapo kuna ziwa la chumvi la Katwe. Wanaume na wanawake husimama ndani ya maji makali ya chumvi saa nyingi, wakivuna. Maji hayo huchubua ngozi, na penye jeraha dogo hulifanya kidonda. Wengi wao si waajiriwa wa mtu yeyote; hupata kwa kadiri wavunavyo. Hakuna wa kuwapa viatu vya mpira, hakuna wa kuwaambia leo imetosha. Askari anayenung'unika kwamba mkubwa wake anamwingilia mno, akipita Katwe na atazame hali ya mtu asiye na mkubwa.

Sasa tufike Bwera. Mji huu umekaa karibu na mpaka wa Kongo, na kituo cha mpakani ni Mpondwe. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili ni ndugu wa lugha moja, na siku ya soko maelfu ya watu huvuka wakiwa na maharage, kahawa, vitenge na samaki. Mahali kama hapa ugonjwa hausubiri kugongewa mhuri.

Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo uliendelea hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya 171. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu, maana hao ni watu walioipata Ebola kwa sababu ya kazi yao.

Uganda haikuhitaji kufundishwa na Kongo. Ilikuwa imekwisha kulipa ada. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, ilichukua watu 224, na hospitali ya Lacor ikawapoteza wauguzi wake mmoja baada ya mwingine. Ilifika mahali wafanyakazi wakaona basi, wakakusanyika wakitaka kuondoka. Mkuu wao, Daktari Matthew Lukwiya, hakuwatisha kwa barua za kinidhamu. Aliwaambia anayetaka kwenda na aende, yeye atabaki. Wakabaki naye. Daktari huyo alikufa kwa ugonjwa ule ule tarehe 5 Desemba 2000. Miaka saba baadaye Ebola ilizuka Bundibugyo, upande wa pili wa milima hii hii ya Rwenzori, ikamwua Daktari Jonah Kule pamoja na wahudumu wengine. Ushujaa wao haupungui kwa sisi kusema kwamba ushujaa haukupaswa kuwa kinga yao pekee.

Kwa hiyo Novemba 2018, kabla Ebola haijavuka hata mara moja, Wizara ya Afya ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani ilianza kuwachanja wahudumu wa wilaya za mpakani. Hadi Juni 2019 walikuwa wamechanjwa wahudumu karibu 4,700 katika vituo 165, na hospitali ya Bwera ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Kitengo cha kuwatenga wagonjwa kilikuwa tayari. Wahudumu walikuwa wamezoezwa kuvaa mavazi ya kinga na, jambo lililo gumu zaidi, kuyavua bila kujigusa. Mpakani, wapitao walipimwa joto la mwili na kunawa mikono. Miezi ikapita bila mgonjwa. Twaweza kuwazia manung'uniko ya wakati huo: mavazi yanachoma, mazoezi hayaishi, na adui mwenyewe haonekani. Askari aliyepata kuchimba handaki mahali ambapo hapakupigwa risasi mwaka mzima anayajua manung'uniko hayo kwa moyo.

Jumapili tarehe 9 Juni 2019, familia moja ilivuka kutoka Kongo na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Walikwenda hospitali ya Kagando, na wahudumu wa Kagando wakaitambua hatari, mtoto akahamishiwa katika kitengo cha Bwera. Tarehe 11 maabara ilithibitisha kuwa ni Ebola. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao wakaonekana wameambukizwa. Wote watatu walifariki dunia, na hilo ni la kuhuzunisha. Lakini hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa ndani ya Uganda: si daktari, si muuguzi, si mfagiaji, si dereva. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo alikuja mtoto mwingine, wa miaka 9, na safari hii alibainika pale pale Mpondwe kwenye kituo cha kupimia. Naye alifariki. Naye hakumwambukiza mtu nchini.

Twaomba msomaji atulie kidogo hapa. Habari ya Bwera haikuvuma kama ya Gulu, kwa sababu hakuna aliyezikwa kwa mizinga. Hakuna picha ya kuweka ukurasa wa mbele ya muuguzi ambaye hakuugua. Sisi wa kazi ya uhusiano tunajua vizuri kuandika juu ya waliokufa; hatujajifunza bado kuandika juu ya waliobaki hai kwa sababu mtu fulani alikwenda kuagiza glavu mapema.

Wala kinga ya tajiri haishi kwa kutolewa mara moja. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, ambacho chanjo iliyotumika Bwera haikizuii. Wahudumu 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Siraha ya jana haikumfaa askari wa leo, na wajibu ukaanza upya.

Msomaji aweza kusema hayo ni ya waganga, sisi tushike bunduki zetu. La hasha. Mwaka 1986 askari 60 wa jeshi letu walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Waganga wa Cuba waliwapima, wakakuta 18 kati yao wana virusi vya UKIMWI. Fidel Castro alimweleza Rais Yoweri Museveni habari hiyo walipokutana Harare Septemba mwaka huo, katika mkutano wa nchi zisizofungamana. Uganda ikaamua kulisema jambo hilo hadharani wakati nchi nyingi zilikuwa zikilificha, na uamuzi huo uliokoa watu wengi. Lakini askari na asisahau jinsi habari ilivyopatikana: vijana wetu walipimwa na mwenyeji wao wa ng'ambo. Sisi tuliokuwa wakubwa wao hatukuwa tumewapima.

Ipo pia sababu ya kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi aliyetumika mwezi mmoja au zaidi mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa wake. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Nayo sheria ya fidia huangalia aliyeumia kazini. Lakini Sheria ya Ajira haimhusu mwanajeshi, ila waajiriwa wa kiraia wa jeshi. Na ile ya fidia haimgusi mwanajeshi aliye katika utumishi. Yeye ana sheria na kanuni za jeshi. Haendi kwa ofisa wa kazi kushitaki wala hagomi. Mlango wake wa kwanza ni wa kamanda wake. Basi kamanda ambaye haoni afya ya watu wake kuwa kazi yake amemfungia askari mlango pekee alioachiwa.

Tunalisema hili kwa sababu sisi wenyewe tumekuwa na hatia hiyo. Tulipotoka shule ya makadeti tukiwa vijana wenye viatu vinavyong'aa, tulipewa usimamizi wa stoo katika kambi moja ndogo iliyokuwa bondeni, penye mbu wengi. Vyandarua vilifika. Vilikuwa vipya, vimefungwa vizuri, na hesabu yake ilikuwa sawasawa na daftari. Kulikuwa na ukaguzi uliotarajiwa. Tulivifungia stoo ili mkaguzi avikute kamili, kwa maana chandarua kikitoka huchanika, na kilichochanika huandikiwa maelezo. Mkaguzi alichelewa majuma sita. Katika majuma hayo malaria iliwalaza askari wetu mmoja baada ya mwingine, na kijana mmoja tulimpeleka hospitali akiwa hajitambui. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu siku hiyo. Mungu alisaidia, akapona. Aliporudi kikosini hakutuuliza lolote kuhusu vyandarua. Alipiga saluti tu, akaenda kwenye zamu yake. Mkaguzi alipofika alitusifu kwa stoo safi.

Kijana yule angeweza kujikinga vipi? Angeweza kufyeka nyasi, na alifyeka. Angeweza kulala na shati la mikono mirefu, na alilala nalo. Chandarua kilikuwa nyuma ya kufuli letu.

Tangu hapo, kila tuingiapo kambini hutazama mambo ambayo hayaonekani gwarideni. Hutazama choo kiko umbali gani na kisima. Huuliza maji ya kunywa huchemshwa na nani, na kuni za kuchemshia hutoka wapi. Hutazama makazi, maana vipo bado katika fikra za polisi wetu vile vibanda vya mabati vya mviringo walivyovibatiza wenyewe jina la “mama ingia pole”, ambamo baba, mama na watoto hugawana nafasi ya kitanda kimoja na joto la jua zima. Askari aliyelala vibaya humjibu raia vibaya asubuhi, na lawama humwendea askari.

Zaidi ya yote hutazama orodha ya zamu. Usingizi ni posho kama chakula. Kamanda anayempanga mtu lindo la usiku mara tatu mfululizo, kisha asubuhi akampa usukani wa lori katika miteremko ya Rwenzori, amewatia hatarini wote waliopanda lori hilo. Hakuna dawa ya zahanati itakayotibu orodha mbaya. Kalamu iliyoiandika ndiyo dawa.

Kuna jeraha jingine ambalo tunasita kuligusa, lakini mtu hawezi kuandika juu ya Mpondwe akalipita. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakawaua wanafunzi zaidi ya 30 pamoja na watu wengine. Mabweni yalichomwa. Baada ya hapo wapo watu waliopaswa kuingia ndani na kuwatoa watoto wale. Kazi ya namna hiyo huwaangukia askari, polisi na watu wa Msalaba Mwekundu, na mwanamume aliyeifanya huenda nyumbani kwake akawakuta watoto wake mwenyewe wamelala.

Katika jeshi letu, na tusione haya kulisema, mtu akisema halali usiku huambiwa aache woga. Waganga wanajua kwamba sivyo. Macho yaliyoona mambo ya namna ile huyarudia usingizini, na mtu aweza kuwa shujaa kamili na bado akashituka kwa mlio wa mlango. Kamanda aweza kuziona dalili kabla ya mganga, kwa sababu yeye huwaona watu wake kila siku: aliyekuwa mcheshi amenyamaza, asiyekunywa ameanza kunywa, mtulivu anagombana juu ya sahani. Mtu wa namna hiyo asipangwe peke yake lindoni usiku akiwa na silaha. Aitwe pembeni, si mbele ya wenzake. Aulizwe, na asikilizwe hadi mwisho hata kama maneno hayaji haraka. Kisha apelekwe kwa mganga, na jambo hilo lisiandikwe katika sifa zake kama kosa. Wengine hupendelea kumwanzia padri au shehe wa kikosi, na hilo nalo ni jema. Wanaofanya kazi ya namna ile pamoja wakutanishwe siku chache baadaye, waketi bila cheo, kila mtu aseme alichokiona. Haya yote hayahitaji bajeti kutoka Kampala. Yanahitaji saa moja ya kamanda, na wapo makamanda ambao hawajapata kuitoa saa hiyo katika miaka yao yote ya utumishi.

Tuliondoka Mpondwe yapata saa kumi na mbili jioni. Wafanyabiashara wa mwisho walikuwa wakiharakisha kuvuka na mizigo vichwani, na zamu ya usiku ilikuwa ikiingia. Pale mlangoni palikuwa na dumu la maji lenye bomba, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Dumu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Tulimwuliza koplo wa zamu ni nani hulijaza. Alituambia kwamba hulijaza yeye mwenyewe, kabla hajawaita watu wake mstarini, kwa sababu akingoja hadi wamekwisha pangwa hakuna atakayekuwa na nafasi ya kwenda kisimani.